Gauni la Njano la Ufukweni

"Zulfa! Mwanangu, ni Mungu amekuleta! Uko na sindano?"

Ndivyo alivyonipokea mama yake Nyiraneza mlangoni kwake, Jumapili moja ya mwaka 1987, hapa hapa mtaani kwetu Biryogo.

Nyuma yake ua ulikuwa umejaa wanawake. Vigelegele! Moshi wa pilau! Watoto wamekaa juu ya ukuta kama kuna mpira.

"Kuna nini hapa, Mama?" nikauliza.

"Yewe, kwani mwenzako hakukwambia? Wakwe wako njiani! Na zipu ya gauni imekatika!"

Akanishika mkono, akanivuta mpaka chumbani.

Nyiraneza alikuwa amesimama katikati ya chumba, amenipa mgongo. Rafiki yangu. Tumekua pamoja, tumekula sahani moja, tumelala mkeka mmoja.

Na gauni alilovaa...

Jamani.

Lile gauni lilikuwa langu!!

La njano, lenye marinda, lenye mkanda mpana kiunoni. Nililikata mimi. Nililishona mimi. Nililipima kwa mwili wangu mimi, kwa sababu mwanaume aliyeliagiza aliniambia nipime hivyo.

Na dakika ile ile, nyumba ya tatu kutoka pale, baba yangu alikuwa amekaa barazani na kanzu iliyopigwa pasi, akiwasubiri wageni niliomwambia wanakuja.

"Zulfa," Nyiraneza akasema bila kugeuka.

Sindano nilikuwa nayo. Binti wa fundi hakosi sindano kwenye ukosi wa nguo yake.

Nikasogea nyuma yake.

Ngojeni kwanza. Niwarudishe nyuma, maana najua mnajiuliza haya yote yanahusiana nini na mada ya jana.

Jana kwenye grupu letu hili la watu wa Nyamirambo ya zamani, mmoja wenu aliuliza ni filamu gani za enzi zile mlizipenda. Mkaanza kubishana, kama kawaida yenu. Wa karate wakasema karate. Wa Kihindi wakaleta nyimbo. Halafu mtu akaandika, "Zile za vijana wa ufukweni zilikuwa upuuzi mtupu, lakini tamu!" Mkacheka, mkajaza vikatuni vya machozi ya kicheko.

Mimi sikucheka. Nikafunga simu nikaenda kumenya viazi.

Lakini msidhani sina maoni. Ninayo, tena mengi.

Karate niliipenda, na bado naipenda. Mwalimu wa mtu ameuawa, yeye anakwenda mlimani, anapigwa na mvua, anarudi amekuwa mkali. Unajua kwa nini amekasirika. Kuna sababu pale!

Za Kihindi, mtu anapigwa risasi ya kifua halafu anaimba wimbo mzima ndipo afe. Tulijua ni uongo, tukalia hivyo hivyo mpaka kitambaa kinalowa.

Za kaubói, vumbi. Vumbi na farasi. Mwanamke yupo mmoja, kazi yake kuchungulia dirishani.

Sasa hizo za ufukweni...

Vijana wamejaa mchangani, na hakuna hata mmoja mwenye mama! Hakuna anayetumwa sokoni. Hawapiki, hawafui, na nguo zao ni nyeupe muda wote. Kutwa wanacheza dansi na kuanguka majini. Shida kubwa kuliko zote ni nani atamwalika nani kwenye dansi ya Jumamosi.

Jumamosi! Sisi Jumamosi asubuhi tulikuwa na majembe, tuko umuganda, kazi za lazima za mtaa, tunachimba mitaro.

Upuuzi mtupu, ndiyo. Na mimi ule upuuzi nilikuwa naungoja wiki nzima.

Tulikuwa tunaangalia kwa Bizimana. Wakubwa mnakumbuka, kile chumba nyuma ya bucha, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, mabenchi ya mbao yenye misumari inayochana nguo za watu. Deki yake ya video ilitokea Bujumbura, na ukiigusa unafukuzwa. Jumapili mchana ilikuwa zamu ya familia, kwa hiyo hata sisi wasichana wa Kiislamu tuliruhusiwa, mradi usiende peke yako.

Filamu zilikuja kwa Kiingereza. Kifaransa kidogo tulikijua kwa ajili ya shule, lakini Kiingereza? Nani alikijua Biryogo?

Ndipo anapoingia Shabani.

Shabani Mutabazi alikuwa msobanuzi wetu. Yaani anakaa kando ya televisheni na maikrofoni, na kila mtu kwenye filamu akifungua mdomo, Shabani ndiye anasema. Mzee anasema kwa sauti ya Shabani, binti anasema kwa sauti ya Shabani, mbwa akibweka Shabani anatueleza kilichomuudhi.

Kiingereza chake? "Yes" na "kamoni". Basi! Yaliyobaki alikuwa anayatunga pale pale, na tulimpenda kwa hilo.

Na Bizimana alikuwa na sheria yake. Msikiti uko karibu, akina mama wako ndani, kwa hiyo nyuso mbili zikianza tu kusogeleana kwenye kioo, anaruka na kubonyeza kitufe. Giza!

"Imeisha! Mwisho! Tokeni kwa mpango!"

Hatukuwahi kuona busu hata moja. Tuliamini filamu zote za wazungu zinaishia pale. Kwamba kwao watu wawili wakishapendana, hakuna tena cha kuonyesha.

Mimi na Nyiraneza hatukukosa Jumapili. Benchi la pili, upande wa ukuta. Na tulivaa sare.

Hiyo sare ndiyo iliyoniponza.

Mnajua mashoga wa Biryogo walivyokuwa. Kitambaa kimoja, mnakata vipande viwili, mnatoka mmefanana kama mapacha. Mimi nilikuwa nashona kwenye karakana ya baba yangu, Mzee Idi, kwa hiyo kila sare yetu ilitoka mikononi mwangu. Na miili yetu ilikuwa ya kipimo kimoja. Nikijipima mimi, nimempima na yeye. Tuliazimana nguo mpaka tukasahau ipi ya nani.

Jumapili ile tulivaa kijani.

Kwenye kioo, kijana wa kizungu amesimama ufukweni na lile bao lao la kupandia mawimbi. Binti anapita amevaa nyekundu. Kijana anafungua mdomo, na Shabani anasema:

"Wewe mwenye kijani! Nimekuona! Tangu ulipoingia sioni tena kitu kingine!"

Ukumbi ukalipuka.

"We Shabani! Binti iko na nyekundu!" mtu akapiga kelele.

"Televisheni iko na ugonjwa wa rangi! Miye naona kijani!"

Na alipokuwa akisema, hakuangalia televisheni. Aliangalia benchi letu.

Jamani, moyo wangu ulipiga mpaka nikadhani watu wanausikia. Nyiraneza akanifinya paja.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nimesikia."

Tukashikana mikono gizani. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na mimi nikadhani anaogopa kwa ajili yangu.

Kuanzia siku hiyo filamu zote zilizungumza na mimi, hasa hiyo, maana Bizimana aliirudia karibu kila Jumapili. Tukivaa bluu, kijana wa ufukweni anampenda mwenye bluu. Tukivaa kitenge cha maua, anasema, "Maua yako yamenichanganya kichwa." Siku moja akapiga goti mchangani, na Shabani akasema polepole, bila mzaha:

"Ngoja kidogo. Nitakuja kwa baba yako. Nitakuja na watu wazima, kwa heshima."

Nililia. Kwenye filamu ambayo watu wanarushiana mpira wa plastiki, mimi nililia!

Na Shabani akaanza kuja karakana. Leo kifungo. Kesho pindo. Suruali moja aliileta ipunguzwe mara nyingi mpaka ilikaribia kuwa kaptula.

"Zulfa, kazi yako iko safi," anasema.

"Asante, Shabani."

"Na mwenzako, hajambo?"

"Hajambo."

"Umsalimie."

Kila alipokuja, mwenzako hajambo. Nikasema moyoni, kijana huyu ana adabu, anauliza hadi habari za rafiki.

Mmeona nilivyokuwa kipofu? Msinicheke bado.

Wakati huo huo akatokea Gasana.

Yusufu Gasana alikuwa na duka Kimisagara. Nyuzi na vifungo vyetu vilitoka kwake. Mtu mpole, mrefu, akiongea anaangalia mikono yake. Alikuwa akiniletea uzi wa rangi ninayotafuta kabla sijamwambia. Siku moja wazee wake wakaja kwa baba, wakakaa, wakasema neno lao.

Nikakataa.

Baba akaniita baada ya wageni kuondoka. Nyiraneza alikuwepo uani, anamenya ndizi, anasikia kila kitu.

"Zulfa, yule kijana iko na shida gani?"

"Hana shida, Baba."

"Basi?"

"Sina moyo naye."

"Moyo! Huo moyo umeutoa wapi? Kwa video ya Bizimana?"

Baba hakuwa mtu wa kulazimisha. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake. Gasana hakukasirika, aliendelea kutuletea nyuzi. Lakini alimpata mwingine haraka, msichana wa Niboye, na mwezi wa Ramadhani ulipoisha akaoa.

Mimi? Wala sikuumia! Nilikuwa na mtu wangu wa ufukweni.

Halafu siku moja Shabani akaingia karakana na furushi chini ya kwapa. Akaangalia kama baba yupo. Hayupo. Akalifungua.

Kitambaa cha njano. Laini, kizito kidogo, kile kinachoanguka vizuri.

"Unakumbuka gauni ya yule binti? Ile ya mwisho, kwa dansi ya mchangani?"

"Ya njano? Yenye marinda?"

"Voilà! Nataka hivyo hivyo. Iko kwa ajili ya siku kubwa."

Nikakishika kile kitambaa.

"Nimpime nani?"

Akacheka, akaangalia chini.

"Pima kwa mwili wako, Zulfa. Itakuwa sawa tu. Mais... lakini usiseme kwa mtu! Jumapili ya mwisho wa mwezi utaona mwenyewe."

Nyie! Ungekuwa wewe ungeelewa nini? Niambieni ukweli. Mwanaume anakwambia jipime, ni kwa siku kubwa, usiseme... ungeelewa nini?

Nilikimbia kwa Nyiraneza. Nilimkuta anatwanga isombe, majani ya muhogo. Nikamwambia yote, nikiruka ruka kama mtoto.

Mchi ukasimama hewani.

"Shabani amesema hivyo? Kwa mwili wako?"

"Ndiyo! Anakuja kunichumbia, sha! Jumapili ya mwisho!"

Akaangalia ndani ya kinu. Halafu akasema:

"Usimwambie mtu kwanza."

"Hata Baba?"

"Hata Baba. Ngoja mpaka siku ifike."

Nikamkumbatia. Nikasema, huyu ndiye rafiki, ananilinda na macho ya watu.

Lile gauni nililishona kama sijawahi kushona maishani. Marinda niliyahesabu na kuyafumua na kuyaanza upya. Pindo nililifanya kwa mkono. Ndani niliacha kitambaa cha ziada kwenye mishono ya ubavuni, maana baba alinifundisha hivyo, mteja hunenepa akarudi kukulaumu.

Lilipoisha nikafunga mlango wa karakana, nikalivaa. Nikageuka mbele ya kioo. Marinda yakafunguka, yakajifunga. Nilikuwa mzuri. Ninawaambia bila aibu, siku ile nilikuwa mzuri.

Ijumaa Shabani akalichukua. Alilipapasa kwa vidole, machozi yakamlengalenga.

"Jumapili litavaliwa," akasema.

Na mimi nikasikia nilichotaka kusikia.

Jumapili nikaamka mapema. Nikafagia mpaka barabarani. Nikapika. Nikaoga, nikajipaka mafuta, nikakaa na khanga nikingojea gauni liletwe. Ikabidi nimwambie baba nusu ya neno.

"Baba, leo usitoke. Kuna wageni."

"Wageni gani?"

"Utaona."

Akaniangalia. Akatia makaa kwenye pasi, akainyoosha kanzu yake mwenyewe, akakaa barazani ameweka mikono magotini.

Ndipo vigelegele vikaanza. Lakini si kwetu. Nyumba ya tatu.

Mnajua nilifikiri nini?

Nilifikiri wamekosea nyumba!

Wallahi. Nilivaa haraka gauni la kazini, nikatoka mbio, nikienda kuwaambia wageni wangu kwamba wamepotea, kwa Mzee Idi ni kule. Ndivyo nilivyofika mlangoni kwa kina Nyiraneza. Ndivyo mama yake alivyonishika mkono.

Sasa turudi chumbani.

Nimesimama nyuma yake na sindano. Naangalia zipu. Haikukatika kwa ubovu, ilikatika kwa kuvutwa. Nikaangalia mabega, yamekaa sawa. Urefu, sawa. Kila mahali sawa, kama nilivyojua.

Isipokuwa kiunoni.

Mwili ule nimeupima miaka yote. Mikono yangu inaujua kuliko macho yangu. Nikaweka viganja ubavuni, nikavileta mbele polepole...

Nikaelewa. Walikuwa wawili ndani ya gauni lile.

Nyiraneza akanishika viganja.

"Zulfa... usiseme. Nakuomba. Mama hajui."

Nje wanawake wanaimba. Ukuta ni wa udongo, mwembamba, kila neno linapita. Nilihitaji kufungua mdomo mara moja tu! Neno moja, na wakwe wanageuka barabarani, na nyumba ile haiinui tena kichwa Biryogo nzima.

"Shabani?" nikanong'ona.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Ulijua mimi nadhani ni mimi?"

Akainamisha kichwa.

"Nyiraneza. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kijani."

Nikashika ukuta.

"Na ukaninyamazia?"

"Mama alikuwa ananiruhusu kwa video kwa sababu niko na weye. Binti ya Mzee Idi. Bila weye singeweza kumwona." Sasa machozi yalikuwa yanadondoka kwenye njano yangu. "Kila Jumapili nilitaka kukwambia. Halafu naona vile unafurahi, nashindwa. Nikasema, wacha filamu ijayo. Wacha filamu ijayo."

"Gasana alikuja kunichumbia. Ulikuwa pale pale unamenya ndizi."

Akafuta machozi kwa kiganja.

Mlango ukagongwa. Mama yake.

"Zulfa! Mbona mnachelewa? Wako kwa kona!"

Jamani, moyo ukipasuka hautoi sauti. Nilidhani watu wa ukumbi mzima wa Bizimana wangeusikia, lakini hata Nyiraneza aliyekuwa mbele yangu hakusikia kitu.

Nikainama. Nikang'oa zipu yote. Nikafumua mishono ya ubavuni, nikaachia kile kitambaa cha ziada nilichokiacha kwa ajili ya kunenepa kwangu mwenyewe, nikiwa mke wa mtu. Nikamshonea gauni mwilini, mgongoni, kwa mkono, yeye amesimama analia na mimi nimepiga magoti nalia. Nikamfunga mtandio juu uzibe mshono.

Mama akaingia.

"Mana yangu we! Fundi ni fundi! Shida ilikuwa nini?"

Nyiraneza akafumba macho.

"Nilikosea vipimo, Mama," nikasema. "Nilipima mwili mwingine."

Nikatoka kwa mlango wa mbele, maana wa nyuma ulijaa masufuria. Wageni walikuwa wanaingia. Shabani akaniona, uso ukamng'aa.

"Zulfa! Asante sana! Limemkaa? Nilijua tu, nyinyi muko mwili mmoja!"

Alisema kwa moyo safi kabisa. Hakuwahi kujua lolote! Kwake nilikuwa fundi hodari na rafiki wa mchumba wake, hakuna zaidi. Ningekuwa na mtu wa kumchukia, ingekuwa nafuu. Lakini utamchukiaje mtu ambaye hajakuahidi kitu?

"Limemkaa," nikamjibu.

Baba alikuwa bado barazani. Kanzu nyeupe. Mikono magotini.

"Wageni wamefika?" akauliza.

"Wamefika, Baba. Kwa kina Nyiraneza."

Akasikiliza vigelegele. Akaniangalia mimi, gauni la kazini, macho yangu. Nadhani alielewa yote, maana hakuuliza hata neno moja. Akainuka, akaingia jikoni, baba yangu ambaye sikuwahi kumwona akishika mwiko, akapakua pilau kwenye sahani mbili.

"Basi tule siye," akasema. "Chakula kisilale."

Akala yote, kanzu yake mwilini. Mimi nilijaza sahani machozi.

Mwaka haukuisha, Shabani na Nyiraneza wakahamia Bujumbura. Sikwenda kuwaaga. Kwa Bizimana sikukanyaga tena. Baadaye niliolewa, ndiyo, msianze kuniuliza, na marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema. Lakini kitambaa cha njano sijawahi kukishona tena. Mteja akileta, namwambia siku hizi sina nafasi.

Sasa leo asubuhi.

Mukamana, binti wa kaka yangu, alikuwa anasoma ubishi wenu wa jana, mpaka pale mmoja wenu alipoitaja ile ya gauni la njano. Huyu naye anapenda kuchimba vitu mtandaoni. Akaja na kompyuta yake mpaka jikoni.

"Shangazi, si hii hapa? Ya gauni ya njano? Nimeipata, tena ina maandishi ya Kifaransa chini!"

Nilitaka kukataa. Miguu ikakataa kuondoka.

Tukaangalia. Yule yule kijana, bao lile lile. Nikasoma maandishi. Mnajua pale Shabani aliposema amemwona mwenye kijani? Kijana alikuwa anauliza kama kuna mtu ameona taulo lake. Na pale alipopiga goti, aliposema atakuja kwa baba yangu na watu wazima? Alikuwa anatafuta ufunguo wa gari mchangani.

Nilicheka mpaka Mukamana akaogopa. Ukimya wa miaka yote ile, kwa ajili ya ufunguo wa gari!

Halafu ikafika dansi. Gauni la njano. Nyuso zikaanza kusogeleana, na mkono wangu wenyewe ukanyooka kwenda kufunga kompyuta.

"Shangazi! Mbona unazima? Haijaisha."

"Inaishia hapa."

"Haijaisha. Angalia."

Ikaendelea.

Kulikuwa na msichana mwingine kwenye ile filamu. Rafiki wa binti wa njano, yule anayebeba mataulo na vikapu vya wenzake. Shabani hakuwahi kumpa sauti. Kila huyo alipofungua mdomo, Shabani alikuwa anapata nafasi ya kunywa chai yake, na sisi hatukujali.

Baada ya busu, wale wawili wakaondoka. Ufukwe ukabaki mtupu. Yeye akabaki, anakusanya viatu vya watu. Binti wa njano akarudi mbio kumuuliza, umenikasirikia? Na yule msichana akasema maneno haya, niliyasoma kwa macho yangu:

"Nilikuwa nadhani ananiangalia mimi. Lakini bahari niliipenda kweli, na hiyo haikuwa yake wala yako."

Akaviweka chini vile viatu. Akavua vyake. Akaingia majini peke yake, polepole, huku anacheka. Filamu ikaishia kwenye uso wake.

Si kwa wapenzi. Kwake yeye!

Nimekaa kwenye kiti cha jikoni nimelia leo kuliko nilivyolia 1987. Maana alikuwepo muda wote ule, kila Jumapili, ndani ya kanda ile ile. Tulikuwa tumebakiza dakika chache tu kumsikia, na Bizimana akawa anazima.

Wasichana, nisikilizeni. Mtu akikupenda, akutajie jina lako, wewe, bila maikrofoni, mchana, mbele ya wenzako. Asiseme "mwenye kijani." Kijani huvaliwa na wengi. Na wewe unayekaa benchi moja na rafiki yako ukijua anajidanganya, mwambie leo. Usingoje filamu ijayo.

Na nyie mliosema zile za ufukweni ni upuuzi mtupu, siwabishii. Ninauliza tu: kuna hata mmoja wenu aliyewahi kuiona mpaka mwisho?

Nimemwomba Mukamana anipeleke mjini kesho. Nataka kununua kitambaa cha njano, na safari hii najipima ili nivae mwenyewe.